Mwenye Nyumba ya Mvuleni

Tangu mumewe Mohamedi azikwe, Mwanasha alikuwa amekaa eda nyumbani kwake Kitangari. Msimu ule watu wote walishinda mikoroshoni wakiokota korosho. Yeye alibaki uani na mkeka wake, tasbihi yake, na ule mvule uliosimama nje kidogo ya ua wa matete. Chakula aliletewa na wifi yake Rahima. Rahima akiondoka, wa kusema naye walikuwa hondohondo, ndege wawili wa midomo mikubwa waliohamia mvuleni.

Aliwaona tangu mwanzo. Jike aliingia kwenye tundu la mvule, dume akamletea udongo, naye akajikandikia mlango kwa ndani mpaka ukabaki ufa wa kupenya ncha ya mdomo. Halafu manyoya yake ya mabawa yakaanza kudondoka ufani. Mwanasha akaelewa: huyu sasa haruki, ana mayai au makinda, na riziki yake iko kwa dume. Dume naye hakuzembea. Alishuka bondeni kwenye mikuyu, huko wanakoteka maji, akarudi koo limejaa makuyu na matunda ya kokwa, akayacheua moja moja na kumpa mkewe.

"Unadekezwa, mwenzangu," Mwanasha alimtania. "Usimzoeshe tu kukusahau."

Mchana mmoja akasikia hodi. Alikuwa Hamudi, mdogo wake Mohamedi, na nyuma yake Rahima na bakuli la chakula.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Baki huko huko nje, nakusikia."

Kupitia matete Mwanasha aliona shoka begani kwa Hamudi.

"Shemeji, huu mti naukata leo. Unalia kama mtoto mchanga, watu wote wanausikia. Nimechungulia, tundu limekandikwa udongo, na chini zimemwagwa kokwa. Mtu katega dawa humu. Ndiyo iliyommaliza kaka."

"Kaka yako kaondoka kwa ahadi ya Mungu, Hamudi. Humo kuna ndege na wanawe."

"Ndege gani anapiga lipu?"

Rahima akaangua kicheko. Hamudi akamkata jicho.

Mwanasha alitamani kutoka akaushike mpini. Lakini alikuwa edani. Hakuwa na kitu ila sauti. "Sikukatazi," akasema. "Kaa kwanza umsubiri mwenye nyumba. Huja kabla ya alasiri. Asipokuja, kata."

Hamudi akaketi juu ya gogo, akinung'unika. Wakangoja. Siku hiyo dume akachelewa. Kule mvuleni ncha ya mdomo ilichungulia ufani, ikarudi ndani. Mwanasha akazungusha tasbihi mpaka vidole vikauma, kisha adhana ya alasiri ikaita.

Hamudi akasimama. "Haya, shemeji. Ahadi ni ahadi."

"Ni ahadi. Ila adhana imeita. Utakata mti na sala iko shingoni?"

Hamudi akalishusha shoka. Kisha akasema, "Rahima, nipe maji nitawadhe. Na hiyo kanga yako nitandike."

Akaswali pale pale chini ya mvule. Mwanasha naye akaswali upande wake wa ua. Yuko kwenye sijda ya mwisho, akasikia mabawa mazito yakipiga hewa juu ya paa. Hakuinua kichwa. Alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akatazama.

Hamudi alikuwa bado amekaa kitako juu ya kanga, kofia imepinda, kokwa ya tunda imemwangukia pajani. Macho yalikuwa juu. Dume alishikilia gome, akicheua kuyu, na ule mdomo wa ndani ukilipokea. Likafuata jingine, na jingine.

"Kumbe mna mtu humu," Hamudi akasema polepole.

Alitazama mpaka dume alipomaliza na kurukia bondeni. Akaiokota ile kokwa, akaigeuzageuza, akaitupa. Kisha akageukia ua, akaliona bakuli ambalo Rahima alikuwa bado hajaliingiza ndani.

"Rahima, shemeji kala?"

"Leo ndiyo umekumbuka kuuliza?"

Hamudi akalitia shoka kwapani, akaenda kuchukua ndoo ashuke bondeni kumtekea shemeji maji.