Senene Ndani ya Chupa

Mwalimu Twaibu alituuliza swali hili jioni moja ya mwezi wa nane, sisi watu wazima tukiwa tumebanana kwenye madawati ya watoto. Chukueni chupa kubwa, alisema, tieni senene hai ndani, mfunge kifuniko, muiweke juu ya mizani. Senene wakitulia chini, mizani inaonyesha uzito fulani. Sasa wote waruke kwa pamoja, wawe wanapeperuka humo humo ndani. Mizani itaonyesha nini?

"Kwanza tutawakaanga lini?" aliuliza mmoja wa nyuma, na darasa zima likaangua kicheko, maana kwetu panzi hao ni kitoweo.

Nilipofika nyumbani Kitendaguro nikamuuliza mume wangu, Rutaihwa. Ujana wake wote na utu uzima wake alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi cha wakulima. Hakufikiri hata kidogo.

"Itapungua. Kitu kisichogusa mizani hakipimwi."

"Lakini Ta Koku, chupa imefungwa." Ndivyo ninavyomwita, baba wa Koku, binti yetu. "Senene akiruka anaisukuma hewa chini kwa mabawa. Na hewa nayo inasukuma kitako cha chupa. Uzito uko pale pale."

"Kwa hiyo ndege akipita juu ya mizani yangu, nimlipe mkulima kahawa pamoja na ndege?"

"Huyo ndege hajafungiwa kwenye chupa!"

"Ndiyo maana ana akili kuliko senene wenu wa shule ya jioni."

Tulibishana hivyo mwezi mzima. Alinifuata jikoni nikimenya ndizi, akanifuata hadi mlangoni mwa kanisa. Siku moja tulimpelekea ubishi Yogeshbhai, ambaye dukani kwake mjini tumekuwa tukinunua sukari tangu tulipooana.

"Mimi nauza kilo, Mama Koku, siuzi hewa," alisema. "Lakini mkipata jibu mniambie. Huenda nimekuwa nikipunjwa."

Tukakubaliana kwamba senene wakishuka mwezi wa kumi na moja, tutawapima. Kwetu mwanamke akimletea mumewe senene, mume humpa nguo. Nikamuuliza kama nitapata kitenge hata nikishinda.

"Kitenge ni cha senene," alisema. "Ushindi hutaupata."

Mwezi wa tisa sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni mafua. Hospitali wakatuambia ni saratani ya koo, na kwamba imeshakwenda mbali. Aliomba nimrudishe Kagoma, Muleba, kwenye kibanja cha migomba cha baba yake. Niliacha shule. Siku ya kuondoka Yogeshbhai alitufungia kwenye boksi mizani yake ndogo, ile yenye uso kama saa na mshale mmoja, pamoja na chupa pana ya plastiki ambamo huweka peremende.

"Utanirudishia mwenyewe," alimwambia Rutaihwa. "Usimtume mkeo."

Rutaihwa alicheka, kisha akatazama pembeni.

Kule Kagoma ndizi zilimshinda, akawa anakunywa uji, halafu uji nao ukawa maji kwa kijiko. Nilijua hataonja senene mwaka huu. Nilikuwa nimeomba sana apone, hadi nikahisi Mungu amenisikia na amenijibu kwa namna ambayo sikuitaka. Basi nikaomba jambo dogo: senene waje angali anaweza kubisha. Nilisali novena nzima, siku tisa, kwa ajili hiyo. Sikumwambia padri. Nani huombea wadudu?

Novena ikaisha, na majani yakabaki bila senene. Nikaanza nyingine. Ta Koku sasa alizungumza maneno machache kwa siku, na mengine aliyasema kwa kidole. Kila nilipoingia chumbani alielekeza kidole kwenye boksi lililokuwa kona, akiinua nyusi. Nami nilijibu, "Bado."

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilifungua mlango nikakuta majani ya mbele ya nyumba yanatembea. Nilikusanya senene huku nikilia, umande umenilowesha hadi magotini. Sikuwanyonyoa mabawa wala miguu. Niliwatia hai ndani ya chupa, nikafunga, nikaiweka juu ya mizani, kwenye kiti kando ya kitanda, mahali ambapo angeuona mshale bila kuinua kichwa.

Tulisubiri watulie. Kisha nikapiga kifuniko kwa kiganja. Wakaruka, chupa nzima ikawa kijani kinachovuma. Mshale ulitetemeka, lakini haukushuka. Nilipiga tena, na tena, ukabaki pale pale.

Alitazama muda mrefu. Niliogopa. Niliogopa kwamba atakubali, kwa sababu sijawahi kumwona akikubali jambo, na sikujua baada ya hapo kungebaki nini kati yetu. Akanivuta mkono nisogeze sikio.

"Hawakuruka wote," alinong'ona. "Wengine wameshika ukuta."

Nikatazama. Kweli, wachache walikuwa wameng'ang'ania plastiki.

"Mkaidi wewe!" nikamwambia. "Basi msimu mdogo ukija tutarudia."

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba mwezi wa nne ni kesho kutwa. Halafu akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kitenge cha bluu alichokuwa amemwagiza Koku bila mimi kujua. Akakiweka mapajani mwangu.

Hakuongea tena. Alifariki Jumapili iliyofuata, rozari ikiwa imezungushwa mkononi mwake, nasi tukamzika kibanjani karibu na baba yake.

Baada ya matanga nilirudi mjini nikiwa nimevaa kile kitenge, boksi kichwani. Yogeshbhai aliniona nikiingia peke yangu. Alisimama, akalipokea boksi kwa mikono miwili.

"Nilimwambia asikutume," alisema.

Aliliweka boksi juu ya kaunta. Kisha akauliza jibu lilikuwa nini.

"Mshale haukushuka," nilisema. Nikaona nimeuacha ubishi wa mwenzangu bila mtu wa kuusimamia, nikaongeza, "Lakini hawakuruka wote. Wengine walishika ukuta."

"Basi hamjamaliza. Kaa na mizani, Mama Koku. Msimu mdogo ukija, rudia."

"Na nani?" nilimuuliza.

Yogeshbhai aliitoa mizani kwenye boksi. Alichukua kitambaa akaanza kuifuta mizani, ingawa nilikuwa nimeshaifuta.