Mdomo Anaousoma Mama

Mama aliacha kusikia akiwa na miaka sitini na moja. Homa ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka sauti zilikuwa zimekwisha. Hakukaa kulia. Alimkalisha kila mmoja wetu karibu na dirisha, akatuambia tuseme, akatazama midomo yetu mpaka akaweza kuisoma. Sasa ana sabini na tatu. Jicho la kushoto limeshaziba, na daktari wa macho alituambia kwamba la kulia linaweza kudumu mwaka, au miwili. Zaidi ya hapo tumwachie Mungu.

Kila jioni, kabla jua halijazama, tunasali pamoja. Mimi nasema, yeye anatazama mdomo wangu na kuitikia. Ndugu zangu anawapata nusunusu. Mimi ananipata neno kwa neno. Ndiyo maana suala la meno yangu lilininyima raha.

Meno yangu ya juu yamechomoza mbele tangu utotoni, na mwaka huu yale ya chini yakaanza kunichoma kaakaa. Nilikuwa natafuna upande mmoja na kidonda hakikauki. Daktari wa meno aling'oa mawili ya juu, moja kila upande, nyuma ya chonge, ili apate nafasi ya kurudisha ya mbele ndani. Fizi zikapona. Ikabaki kuchagua: waya, au vifuniko vya plastiki angavu, vile unavyovivaa na kuvivua mwenyewe.

Nilitaka plastiki. Si kwamba niliona haya kuvaa chuma nikiwa na miaka arobaini na minne. Nilitaka kitu cha kutoa jioni, nisali na Mama kwa mdomo anaoujua. Niliomba siku tatu. Siku ya nne nikampeleka kliniki, maana nilijua nikiamua peke yangu nitajidanganya.

Mama aliketi, mkoba mapajani, akamkagua daktari.

"Mwambie anyoe sharubu," aliniambia, kwa sauti kubwa ambayo yeye mwenyewe haisikii. "Ananificha maneno."

Daktari akaziinua kwa vidole viwili. "Shikamoo, mama. Sasa je?"

"Marahaba. Angalau."

Daktari akachukua mfano wa meno yangu wa plasta na kusukuma jino moja kwa kidole, akieleza polepole huku mimi nikimrudia Mama kila sentensi.

"Plastiki inasukuma kichwa cha jino kirahisi kuliko mzizi, kwa hiyo jino linaweza kulala. Pengo la jino zima ni safari ndefu, na jino linatakiwa lifike likiwa limesimama. Waya unalishika vizuri zaidi. Plastiki nayo inaweza, nisikudanganye. Ila uivae saa ishirini na mbili kwa siku, karibu miaka miwili. Ukilegea, tumeharibu kazi."

Nikapiga hesabu. Kula, chai, mswaki: saa mbili zimekwisha. Na sala yetu peke yake ni saa nzima, maana Mama ana watu wengi wa kuombea.

"Na waya?"

"Midomo itavimba mwanzoni. Hata ikipona, itakaa mbele kidogo." Akabandika vipande vya nta kwenye meno yangu, unene wa vile vyuma. "Ongea naye."

Nikamgeukia Mama, nikasema mstari wa kwanza wa sala yetu. Akakunja uso. Nikarudia. Akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Sikupata kitu," alisema.

Nikabandua nta. "Basi nachukua plastiki, Mama. Nitaitoa jioni tu."

"Na asubuhi nikikuuliza dawa zangu ziko wapi?"

Nikaifinya ile nta vidoleni.

"Na nikiota ndoto nataka tuizungumze? Nakujua wewe. Utaitoa kila nikikuita, na mimi kuita ndiyo kazi yangu." Akamgeukia daktari. "Mwekee waya."

"Mama, jicho lako. Miaka miwili ndiyo hiyohiyo."

"Hesabu naijua." Kwa mara ya kwanza tangu tuingie, sauti yake ilishuka. "Jicho likizima, tutasali vipi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Lakini mdomo huo utaendelea kuutumia kula. Sitaki ubaki na kidonda kwa ajili yangu. Nilijifunza mdomo wako nikiwa kikongwe. Nitajifunza tena."

"Kikongwe wa miaka sitini na moja?"

"Mvi zilikuwepo."

Waya uliwekwa Jumanne. Jioni midomo ilikuwa imevimba, na shavu limechubuka kwa ndani. Mama alikuwa ameshaweka viti viwili dirishani.

Nikaanza. "Rudia," alisema. Nikarudia. Mara ya tano akaitikia. Mstari wa pili tuliurudia mara saba. Hakukasirika wala hakunisifu. Tulipita kwa wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwanga ukaanza kufifia. Taa ya umeme inammwagia mng'ao jichoni, kwa hiyo hatukuiwasha.

"Tumefika kwa nani?"

"Kwa baba," nilisema. Hakunipata. Nikasema tena, kisha tena. Mwishowe nikachukua kiganja chake, nikaandika kwa kidole, herufi moja moja, jina la marehemu baba.

Akafumba mkono taratibu, kidole changu kikiwa ndani.

"Hii tuiweke akiba ya siku jicho litakapozima," alisema. "Kesho tuanzie hapo hapo, kwa mdomo."