Kitabu cha Kumfaa Lamis

Sikuwa na mke tena, sikuwa na binti wa kumuuliza, sikuwa na aproni wala subira. Sikuwa na miwani ya kusomea herufi ndogo kama chawa. Sikujua kama giligilani hutwangwa kabla ya kukaangwa au baada. Maisha yangu yote sikuwahi kupika kitu zaidi ya chai. Na bado mjukuu wangu Lamis, mwenye miaka kumi na mmoja, alinipigia simu kutoka Bremen, Ujerumani, akaniomba mimi, si mtu mwingine, nimchagulie kitabu cha mapishi.

"Babu, kiwe cha watoto," alisema. "Mimi na Yasin tunataka kupika chakula cha kwetu. Mlokhia kwanza. Tumechoka na vya pakiti."

"Baba yenu anasemaje?"

"Hasemi. Anakula amesimama jikoni, halafu anaenda kulala."

Mama yao alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Tangu hapo mwanangu Midhat alinijibu kwenye simu "ndiyo, baba" na "Alhamdulillahi," basi. Nilijua watoto wale wakipika mara moja chakula kikaharibika, watarudi kwenye pakiti zao, na meza ya nyumba ile itabaki ya kuwekea funguo.

Vitabu ninaviamini. Nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, katika masomo ya usiku, vidole bado vikinuka grisi ya karakana ya tramu. Kila nilichokijua baadaye, kuanzia umeme hadi sheria za mirathi, nilikitoa kitabuni. Kwa hiyo nilivaa koti langu zuri, nikaenda mtaa wa Nabi Daniel, kwa Hilmi muuza vitabu.

"Haji Shukri! Leo sheria au umeme?"

"Mapishi."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Umeoa?"

"Funga mdomo, ulete vitabu."

Alileta kimoja kipya, cha watoto, kinachong'aa. Ndani mlikuwa na keki zenye nyuso za paka na soseji zenye macho ya zeituni, na hakuna hata chakula kimoja ambacho marehemu mke wangu Insaf angekitambua. Alileta kingine, kinene, cha maharusi. Hicho kilikuwa na kila kitu, lakini mlokhia yake, ule mchuzi wetu wa majani, ilianza kwa kuchinja sungura, kisha ikataka majani yakatwekatwe kwa kile kisu kilichopinda kama hilali, chenye vishikio viwili. Niliviona akilini vidole vya Yasin, ndugu yake Lamis, chini ya kisu kile, nikakifunga kitabu.

Cha tatu nilikiokota mwenyewe chini ya rundo. Kilikuwa chembamba, jalada limechanika, kiliwahi kufundishia wasichana shuleni. Herufi zake zilikuwa kubwa, kila moja na irabu zake, kama zile nilizojifunzia mimi. Lamis alisoma Kiarabu Jumamosi tu, polepole, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. Na ukurasa wa kwanza haukutaja chakula. Ulisema: geuza mkono wa sufuria uelekee ukutani.

"Hicho?" Hilmi alisema. "Mjukuu yuko Ulaya, Haji, wewe unamtumia takataka?"

"Tazama madoa. Hiki kimekaa jikoni. Hivyo vyako vimekaa kabatini."

Madoa mengine Lamis ameyaongeza mwenyewe. Alipokuja kunitembelea akiwa mtu mzima alinionyesha, na jalada lilikuwa limekwisha kabisa.

Lakini siku ile sikukinunua. Nilikiazima, maana sitoi sifa kwa chombo nisichokijaribu. Nikapika mlokhia, yale majani yanayovutika kama mlenda, nikifuata kitabu neno kwa neno: supu ya kuku, majani, moto mdogo. Kitabu hakikusema lolote juu ya mfuniko. Mimi, mtu wa karakana, nikafunika, kama kinavyofunikwa kitu chochote kinachochemka.

Nilipofunua, majani yote yalikuwa yamezama kwenye kitako cha sufuria, na juu yake maji ya kijani kama ya bwawa.

Mama Wagih wa ghorofa ya juu aliteremka kwa kuifuata harufu. Akachungulia. "Haji, umeifunika! Mlokhia haifunikwi, huanguka. Na ile pumzi uliivuta?"

"Pumzi gani?"

"Ile ya kushtuka, ukimimina kitunguu saumu."

"Kitabu hakikusema."

"Basi kimeandikwa na mwanamume," alisema, akapanda ngazi akicheka peke yake.

Nilikaa na sufuria yangu. Nikamwona Insaf na kikaango mkononi, kitunguu saumu na giligilani vikichemka ndani ya samli. Alipomimina alivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, na nyumba nzima ilisikia. Hapo Midhat aliacha hesabu zake za shule, nami nikakunja gazeti. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuitwa mezani kwa maneno.

Jioni nilipiga simu Bremen, nikamtaka Midhat.

"Mama yako alipomimina kitunguu saumu, alifanyaje?"

Ikaja kwenye simu pumzi ile ile, ndefu, pamoja na kamluzi kadogo mwishoni ambako Insaf alikuwa nako. Nyuma yake nikamsikia Yasin akipasuka kwa kicheko.

"Baba! Fanya tena!"

Akafanya tena.

Kesho yake nilinunua kile chembamba. Kisha nikakaa kuandika barua kwa herufi kubwa, nikitia irabu kila neno, nikajaza yaliyokosekana. Lamis anunue majani yaliyokwisha kukatwa na kugandishwa, kwenye duka la Waarabu. Asifunike kamwe. Kitunguu saumu kikifika rangi ya mbao mpya, azime moto, asimimine. "Hapo mwite baba yako. Hatua ya mwisho ni yake. Wewe na Yasin mkae mezani msubiri kusikia."

Posta hawafungi kitu cha kwenda ng'ambo kabla ya kukikagua. Binti wa dirishani alikifungua kitabu, akaiona barua, akaisoma bila kuniomba ruhusa.

"Haji, kumimina hata mtoto anaweza. Baba wa nini?"

"Umeisoma yote?"

Akairudia mistari ya mwisho. Midomo yake ilitembea kidogo.

"Kwetu huivuta bibi," alisema.

Akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akaichomeka kwenye ukurasa wa mlokhia, akakitia kitabu ndani ya bahasha, akanirudishia niifunge. Nikalamba gundi, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Akagonga muhuri, akaitia ndani ya gunia la Ujerumani.