Picha Ikiganda

Fundi viatu alikuwa na maneno kwa kila mteja, ila kwa bintiye aliyekuwa ng'ambo ulimi ulimgomea. Miaka kumi na mmoja alitaka kumwambia neno moja tu: rudi. Hakuthubutu, maana ni yeye aliyemhimiza aende, na pale uwanja wa ndege akamwamuru asigeuke nyuma.

Mwanzoni walionana kwenye duka la intaneti, uso wa binti ukiwa mdogo kama stempu ya barua. Mdomo ulifunguka kwanza, sauti ikafuata baadaye imechoka kwa safari. Huduma ile ya kuonana kwa video ikafungwa, ikaja nyingine, nayo ikafungwa, na kila moja ilitaka neno la siri ambalo fundi alilisahau kabla ya kufika nyumbani. Siku hizi ni simu ya mkononi, ameiegemeza kwenye kalibu, lile umbo la mguu la kushonea kiatu, kila Jumapili mchana.

"Unakula lakini, Baba?"

"Nakula, mama. Niache kula kwani nimegombana na chakula?"

Basi, yakaishia hapo. Dada yake fundi, aliyezoea kuja kumsalimia, alimcheka: "Kaka, unaongea na mwanao kama unahojiwa polisi."

Kitu kimoja dada mtu hakukijua. Picha ilikuwa na tabia ya kuganda, na ikiganda, fundi alipata moyo. Aliutazama ule uso uliosimama mpaka akashiba, akauambia yaliyomkaa rohoni: kwamba kitanda chake bado anakitandika, kwamba viatu vyake vya shule anavipiga rangi kila mwezi na havina wa kuvivaa. Baadaye binti aliuliza, "Baba, ulikatika, ulikuwa unasemaje?" Naye alijibu kuwa alikuwa anasema mvua imenyesha.

Jumapili hiyo alikuwa peke yake. Picha ikaganda binti akiwa ameshika tama, kikombe cha chai mbele yake. Fundi akaweka nyundo chini.

"Nimezeeka, mama. Nilikwambia usigeuke kwa sababu nilikuwa nalia, sikutaka unione. Nimekukumbuka mpaka naumwa. Rudi nyumbani."

Akaendelea kumtazama. Ndipo alipouona mvuke. Ulikuwa unapanda kutoka kwenye kikombe, polepole, ukipita mbele ya shavu la binti.

Fundi aliishika nyundo, akairudisha chini. Alitamani kusema habari za mvua, na mvua yenyewe haikuwepo.

"Mtandao umerudi, mama?" aliuliza.

Binti alikuwa bado ameshika tama, ila machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mtandao wa huku haujakatika tangu mwaka juzi, Baba," alisema. "Nikitikisika unanyamaza, ndiyo maana natulia. Nilikuwa nangoja ufike kwenye hilo la mwisho."