Pango la Punje Moja

…kwa sababu uongo sijasema, hilo kwanza, nimesema tu hakuna haraka, Bi Garside, na hakuna haraka ni neno ambalo kila mtu hapa Worthing hulisema, mtu akikukanyaga dukani wewe ndiye unayeomba radhi, mgeni akikumalizia biskuti unamwambia afadhali, zingeharibika, kwa hiyo nimelisema kama ambavyo ningesema leo hakuna baridi sana, kisha nikampa mgongo nikajaza birika, na sasa birika linaunguruma nami nalikodolea macho, na yeye yuko mezani nyuma yangu, na mbele yake kile kisahani, na juu ya kisahani punje moja ya pilipili manga… "Pango lako, mwenye nyumba," alisema alipoingia, "nimelileta mapema, usije ukanifukuza," tukacheka, kila mwaka tunacheka, maana ndivyo hati inavyosema, pango la fleti ya juu ni punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, ilipwe siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, mawakili wa Kiingereza wana mizaha yao ya kale, watu huisoma wakaisahau, lakini marehemu mumewe, Leonard, mwaka wa kwanza kabisa alishuka ngazi na kisahani, akabisha hodi kwa adabu zote, na baba akaitumbukiza ile punje kwenye supu yake akainywa mbele yao, mimi siwezi, tangu baba afariki naziweka kwenye kile kikombe kidogo cha kuwekea yai pale rafuni, sijui nazitunzia nini… mapema, kwa sababu mwaka huu Mikaeli itamkuta kwa binti yake, mjini Carlisle, anaondoka Jumamosi kwenda kutazama kijumba karibu na wajukuu, akirudi Oktoba auze huku ahamie huko, "nikirudi ndipo tutengeneze ile habari ya kurefusha miaka, au unasemaje, Imogen?" na mimi nikasema hakuna haraka.

Haraka ipo. Alichonunua kwa baba si kuta, alinunua miaka, tisini na tisa, nyumba yenyewe ikabaki yetu, na siku ya Mikaeli mwaka huu miaka yake inashuka chini ya themanini, na ikishashuka sheria inatupa sisi, mimi na kaka yangu Clive, nusu ya thamani ambayo fleti itaongezewa kwa kurefushwa miaka, leo haitupi hata senti ya hiyo, barua ya wakili wake ya kuomba kurefusha ikitufikia kabla ya siku hiyo atalipa bei anayoiweza, ikichelewa basi kile kijumba cha Carlisle atakiona kwenye picha tu… "Wewe nyamaza," Clive aliniambia kwenye simu, "nani kakuajiri umfundishe? Ni mtu mzima, ana wakili. Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" nikamwambia huna haya, Clive, nikakata simu, nikajiona mwema kweli, halafu jioni ileile nikafungua kitabu cha picha za majiko, nikachagua rangi ya makabati, kijani kilichopauka, nikakunja pembe ya ukurasa nisije nikaipoteza. Clive hakuniambia nikunje ukurasa… naona aibu, naiona hapa shingoni, inapanda, na kama Bi Garside angeniuliza wazi, kama angesema Imogen, kuna tarehe yoyote ninayopaswa kuijua, ningemjibu, naapa ningemjibu, namngojea aulize tu, kwa nini haulizi… "ile sufuria kubwa nitakuachia," anasema, "Carlisle nitampikia nani," nami nasema asante, Bi Garside, unanifikiria sana, birika limeanza kutoa mvuke, shakwe anapiga kelele juu ya dohani… "na huyu wakili wangu naye," nasikia nusu, mwanzo umemezwa na birika, "simu kila wiki, harakisha mama, harakisha, utafikiri nyumba inaungua. Nikamwambia, wee baba, usinikimbize, mwenye nyumba naishi juu ya kichwa chake, kungekuwa na haraka Imogen angeniambia."

Angeniambia. Kumbe ameambiwa, ameambiwa kila wiki na mtu anayemlipa, na hakusadiki, amenisadiki mimi, kwa hiyo mimi sikunyamaza tu kama ninavyojidanganya, ukimya wangu umeshinda maneno ya wakili… mwaka ule baba alipolala kitandani ni yeye aliyeshuka kila asubuhi kumnyoa ndevu, mimi sikuthubutu kushika wembe, na baba akihangaika na uji, unamtoka mdomoni, naye anaufuta na kungoja, anamwambia hakuna haraka, Mzee Harold, hakuna haraka, na haraka kweli haikuwepo, angekaa pale mpaka jioni, neno ni hilohilo, nimelichukua kinywani mwake nikaenda kumwibia nalo… hatauliza. Hatauliza kamwe, mtu haulizi kwa mtu anayemwamini, na mimi nilikuwa ninangojea swali kama anavyongoja mwizi taa izimwe. Clive atakasirika, atasema nusu ni yake, atanuna mpaka Krismasi, na anune, makabati haya ya baba yana miaka mingi na milango yake inafunga… nitageuka, nitasema Bi Garside, mpigie huyo wakili leo, sasa hivi, tumia simu yangu, barua itoke kabla hujafunga sanduku, na ukimaliza kupiga usinishukuru, tafadhali, lolote lakini si asante… nitasema, birika likizima tu nitasema, hapana, kabla halijazima, na ulimi unaniwasha wala sijaonja kitu, nyuma yangu kisahani kinasogezwa mezani taratibu, upande wa kiti changu, "maziwa kidogo tu, mwanangu," anasema, kana kwamba baada ya miaka yote hii sijui.