Kidonge na Finjani ya Alfajiri

Zumra alikuwa akimeza kidonge chake cha tezi ya shingo kwa kahawa, na hilo ndilo lililompandisha daktari hasira.

"Bi Zumra, kahawa inakizuia kidonge kufanya kazi! Ukiamka, kimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Kahawa ni baada ya saa nzima. Kwani hiyo nayo ni kazi?"

Kazi ilikuwepo. Mumewe, Atif, alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Kutwa nzima humwita mkewe "dada" na kuomba arudishwe kwao, naye yumo kwao humo humo, mjini Travnik. Lakini alfajiri, dele la kahawa la shaba linapotokota na harufu kumfikia kitandani, akili humrudia. Huja kuketi, huchovya donge la sukari kwenye finjani, huling'ata, kisha huanza uchokozi wake wa tangu harusi.

"We Zumra, kahawa hii umeichota mtoni?"

Finjani ya pili ikiisha, akili ishaondoka tena.

Basi Zumra akajaribu kutii. Akameza kidonge, akaketi na finjani tupu. Atif akaiweka yake chini. "Mbona hunywi? Umefunga? Mimi sinywi peke yangu kama mgane." Siku nyingine akaichelewesha kahawa kwa hiyo saa nzima, lakini ilipotokota, Atif alishapotea. Akadamka saa nzima kabla, Atif naye akaamka, na akili haikuisubiri kahawa. Jioni nako hakukufaa, maana Atif hali mpaka mkewe ale naye, kijiko kwa kijiko, hadi usingizi umchukue.

"Nikimeza kwa kahawa, si kitafanya kazi japo kidogo?" akamuuliza daktari.

"Kidogo hakitoshi! Uso umevimba, sauti imekauka, moyo unasuasua. Unataka kufa?"

"Nataka anitanie, daktari."

Akaendelea na kahawa yake. Baridi ikamwingia mifupani hata akiwa kando ya jiko, na nywele zikabaki kwenye kitana. Hakujuta hata chembe. Kila alfajiri aliitwa kwa jina lake, na wapo wanawake wazima wa afya wasioipata bahati hiyo.

Asubuhi moja ya theluji Atif aling'ata sukari, akanywa, akatabasamu kwa adabu.

"Kahawa nzuri, dada. Mke wangu huipika kama maji ya mto. Yuko wapi?"

"Anakuja," Zumra akasema.

Akamjazia finjani ya pili, akangoja. Akangoja na kesho yake, na siku nyingi baadaye. Jina lake halikutajwa tena, isipokuwa Atif alipouliza Zumra amekwenda wapi.

Ndipo alipoanza kumeza kidonge kwa maji matupu, na kukaa jikoni kuisubiri ile saa imalizike. Hapakuwa na haja ya kuiharakisha kahawa.

Theluji ilipoyeyuka, daktari alisoma majibu ya damu akafurahi. "Umeona, Bi Zumra? Kwani ilikuwa kazi?"

"Sina kazi tena, daktari," akajibu.