Mzigo Kutoka Wajir

Mwaka wa tisini na saba, mvua za El Niño zilipokuwa zikianza, mkaguzi wa ndege aitwaye Bwana Kithinji alikuja Wajir kutoka Nairobi. Alikuja na ndege ndogo mpya, kuikagua ya Kapteni Dubow.

Ndege ya Dubow ilimzidi umri mwenyewe. Ilianza kwa kubeba askari wakati wa vita vya Hitler, ikaja kubeba vifaranga, kisha miraa, na sasa ilibeba chochote. Saa zake angani zilipita elfu sitini.

Kithinji aliigonga ubavuni, akatega sikio kama daktari. "Imechoka hii. Kuanzia leo ni marufuku kubeba abiria."

"Bwana mkubwa, injini tumebadilisha. Bawa moja pia ni mpya. Kitu mzee hapa ni jina tu."

"Sheria ni sheria."

"Na huyu Sahara?"

Sahara, mwanamke wa hapo mjini, alikuwa amelala kwenye machela kivulini mwa bawa. Ngamia alikuwa amemwangukia akamvunja mguu, naye alikuwa akingoja kupelekwa hospitali Nairobi. Kithinji alimtazama kwa huruma, akamshauri apitie barabarani.

Jioni ile mbingu zilifunguka. Malori yakazama njia nzima hadi Modogashe. Ile ndege mpya nayo ikadidimia matopeni, gurudumu la mbele likavunjika; ya Dubow, yenye magurudumu makubwa, haikuzama.

Baada ya wiki ya mbu na nyama ya ngamia, Kithinji alifika uwanjani na mkoba wake.

"Kapteni, unaenda Nairobi?"

"Naenda kuleta unga na dawa. Lakini abiria ni marufuku."

Kithinji akakohoa kidogo. "Nilikataza abiria. Mizigo sikuikataza."

"Wewe iko mzigo?"

"Kwa safari hii."

Dubow hakucheka. Aliagiza mkaguzi apimwe kwenye mizani ya mbuzi, watu wote wakitazama. "Basi Sahara pia ni mzigo," akasema. Punde si punde mwalimu mkuu na wazee wawili wa baraza nao wakajitangaza mizigo, wakapanga foleni.

Walipofika juu ya Garissa, mto Tana ukiwa umegeuka bahari, injini ya kushoto ilikwama, ikanguruma tena. Kithinji, aliyeketi juu ya ngozi za mbuzi, alipiga yowe na kuukamata mkono wa Sahara.

"Usiogope, adeer," Sahara akasema, akimwita ami kwa Kisomali. "Inasafisha koo tu."

"Umejuaje?"

"Sijui. Nilitaka unyamaze."

Walitua salama. Wapagazi walikuwa wachache, kwa hiyo Kithinji alishika upande mmoja wa machela hadi kwenye gari la wagonjwa, suti imejaa manyoya. Sahara alimwombea umri mrefu.

Mwezi uliofuata wakubwa wa Kithinji walimpandisha cheo kwa ushujaa wake katika mazingira magumu. Sahara akarudi Wajir na magongo yake, ameketi katikati ya magunia ya unga, akimkemea Dubow kwamba anaendesha polepole.